Kanzu isiyoshika rojo: ni nini kilichopakwa humo?

Kila ikikaribia Idi, wauza nguo wa Mombasa huwa na maneno yao. Zamani sifa ya kanzu ilikuwa kitambaa na mshono. Siku hizi imezuka sifa ya tatu: haishiki doa. "Shekhe, hii hata uimwagie rojo la biriani, wakung'uta tu, yaondoka," aliniambia kijana mmoja dukani, kisha akachukua chupa yake ya maji, akatia matone mawili kwenye mkono wa kanzu. Kweli, yakasimama kama shanga, yakaporomoka chini. Nikamwambia ajaribu na mafuta. Akacheka, akasema dukani hakuna mafuta.

Sikumwambia kwa mzaha. Kufukuza maji ni kazi nyepesi, na wazee wetu waliifanya kwa vitu vya jikoni na vya baharini. Kufukuza mafuta ni kazi nyingine kabisa, na kwa miaka kama 70 ni jamii moja tu ya kemikali iliyoiweza vizuri. Ndizo hizo zinazoitwa leo kemikali za milele. Nchini Marekani zimekutwa katika damu ya karibu kila mtu aliyepimwa. Kwa hivyo mwenye kuuza kitu kisichoshika mafuta, iwe ni nguo, kikaango au karatasi ya kufungia chakula, anatuuzia pia suali ambalo ni haki yetu kuliuliza.

Tuanze na tone lenyewe. Kila kimiminika kina nguvu ya kujikusanya, kujivuta kiwe kimoja. Maji yana nguvu hiyo nyingi sana. Kwa kipimo wanachotumia wanasayansi ni kama 72. Mafuta ya kupikia yako kwenye 30 na kitu. Petroli iko chini zaidi, kama 20 na kidogo. Kitu kigumu nacho, kama kioo, pamba au ubao, kina mvuto wake. Tone likitua juu ya kitu, ni kama kamba inayovutwa pande mbili: tone lajivuta libakie duara, na kitu kile chalivuta litandae. Pamba huvuta kwa nguvu, ndiyo maana hunywa maji. Nta huvuta kidogo, haifiki hata 35, na maji yenye 72 huishinda kwa urahisi, yakabakia duara.

Sasa weka mafuta juu ya nta hiyo hiyo. Nguvu zinakaribiana, na kwa kweli ni ndugu, maana nta na mafuta ni watu wa ukoo mmoja. Mafuta hutandaa, hujipenyeza, mwisho hata huiyeyusha nta. Ukitaka tone la mafuta lisimame, lazima upate kitu chenye mvuto wa chini kuliko mafuta yenyewe, chini ya 20 hivi. Na vitu vya namna hiyo duniani ni vichache mno.

Wazee hawakuwa na haja ya kufika huko. Waulize waliowahi kuiona bandari ya zamani ya Mombasa ikijaa majahazi wakati wa kaskazi, au nenda Lamu ukawaulize mafundi wa vyombo. Sehemu ya chombo inayokaa ndani ya maji ilipakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Mbao za juu zilipakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haihitaji maelezo. Deheni ni kemia safi kabisa. Mafuta ya mnyama yakikutana na chokaa hutoa sabuni, lakini sabuni ya aina isiyoyeyuka katika maji. Ni jamaa wa ule utandu mweupe unaoganda kwenye ndoo unapofua kwa maji ya kisima yasiyotoa povu. Kwenye ndoo ni kero, kwenye jahazi ni kinga.

Na kabla ya mafundi, kulikuwa na jani la jimbi. Mtoto yeyote wa shamba ameshacheza nalo: unatia maji, yanakimbia huku na kule kama zebaki, jani halilowi. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walieleza vizuri sababu yake wakitumia jani la lotasi, ambalo tabia yake ni hiyo hiyo. Juu ya jani pana vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na juu ya vinundu pana nta. Tone halikai juu ya jani, linakaa juu ya ncha za vinundu na hewa iliyo katikati yake, kisha linapobingirika hukokota vumbi lote na kulitupa. Lakini lidondoshee jani hilo mafuta ya kupikia uone. Yanatandaa papo hapo.

Hapo ndipo ilipoingia florini, na iliingia kwa bahati.

Tarehe 6 Aprili 1938, katika maabara ya kampuni ya DuPont kule New Jersey, Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Roy Plunkett alikuwa anatafuta gesi mpya ya mafriji. Alifungua mtungi wake wa gesi, haikutoka kitu, ilhali ukipima uzito mtungi ulikuwa bado mzito. Ulipokatwa, ndani mlikuwa na unga mweupe unaoteleza. Gesi ilikuwa imejiunga yenyewe, molekuli moja kwa moja, ikawa minyororo mirefu ya kaboni iliyozungukwa na florini pande zote. Minyororo kama hiyo ndiyo iitwayo polima. Asidi haikuigusa, joto halikuitisha, na hakuna kilichoishika. Kazi yake ya kwanza kubwa haikuwa jikoni bali ilikuwa kwenye mradi wa bomu la atomu, kuziba mabomba yaliyopitisha gesi kali ya urani. Baadaye ikaitwa Teflon. Mfaransa Marc Grégoire, aliyekuwa akiitumia kwenye vifaa vyake vya kuvulia samaki, ndiye aliyeipeleka kwenye kikaango mwaka 1954, na husimuliwa kwamba wazo lilikuwa la mkewe. Kampuni yao ya Tefal ikaanza 1956.

Kwa nini florini? Chembe ya florini imezikumbatia elektroni zake kwa nguvu kiasi kwamba haina cha kumnyooshea jirani. Ukiipanga florini nje ya mnyororo wa kaboni unapata ukuta usiomvuta mtu. Mvuto wa Teflon ni kama 18 hadi 20. Na ukiweza kuzisimamisha ncha za minyororo ili nje kuwe na kaboni moja yenye florini tatu, mvuto hushuka hadi kama 6. Hakuna nta wala silikoni inayokaribia hapo.

Lakini Teflon ya kikaango huwezi kuipaka kanzu, ingekuwa turubai. Nguo ilipata dawa yake kwa bahati ya pili. Mwaka 1953, katika maabara ya kampuni ya 3M kule Minnesota, walikuwa wanatengeneza mpira wa kuhimili mafuta ya ndege za jeti. Msaidizi mmoja akaangusha chupa, dawa ikamrukia kwenye raba zake nyeupe. Haikutoka kwa sabuni wala kwa spiriti. Siku zilivyopita raba zikachafuka, isipokuwa pale palipomwagikiwa, pamebaki peupe. Mkemia Patsy Sherman na mwenzake Samuel Smith wakaona wenzao wanaona hasara, wao wanaona bidhaa. Scotchgard ikaingia sokoni 1956.

Umbo la dawa hiyo ya nguo ndilo lenye siri, na ndilo lenye matata. Chukua mfano wa mkeka wenye manyoya. Mkeka ni polima ya kawaida inayong'ang'ania nyuzi za kitambaa. Manyoya ni vikono vifupi vya kaboni na florini, vinavyosimama nje. Kwa miaka mingi vikono vilivyofanya kazi vizuri zaidi vilikuwa vya kaboni nane. Maji yanafika juu ya manyoya yanakataliwa, mafuta yanafika yanakataliwa vilevile. Nguo ikifuliwa mara nyingi vikono hulala na kazi hupungua. Ukipiga pasi ya moto vinasimama tena. Mimi nilisomea diploma ya maabara na bado jambo hilo dogo la pasi hunifurahisha.

Matata ni kwamba manyoya hung'oka. Yanaondoka kwa kufuliwa, kwa kusuguliwa, kwa jua, yanaingia kwenye maji machafu na kwenye udongo, na huko yanageuka asidi ambazo hazivunjiki tena. Ile sifa yao ya kutomvuta mtu na kutoguswa na kitu ndiyo hiyo hiyo inayozifanya zisiliwe na bakteria wala zisiharibiwe na miaka. Asidi mbili zilizojulikana zaidi huitwa kwa herufi tu: PFOA na PFOS. Ya kwanza ilitumika pia viwandani kutengenezea Teflon yenyewe. Zikiingia mwilini hukaa miaka kadhaa, maana mwili haujui pa kuzipeleka.

Kisa kilichoufungua mjadala kilianzia kwa mfugaji, si kwa mwanasayansi. Karibu na mji wa Parkersburg, jimbo la West Virginia, ng'ombe wa Wilbur Tennant walikuwa wanakufa baada ya kunywa maji ya kijito kilichopita kwenye jaa la taka za DuPont. Wakili Rob Bilott alifungua kesi mwaka 1999, na katika makaratasi aliyopewa na kampuni akakutana na PFOA, kemikali ambayo kiwanda kile kilikuwa kinaitumia tangu 1951. Ikafuata kesi ya wakazi wote waliokunywa maji yenye PFOA. Suluhu ya 2004 ikazaa uchunguzi ambao mimi nauona ni mfano: watu wapatao 69,000 walipimwa damu, na jopo la wanasayansi huru likakaa miaka likichambua. Kufikia 2012 jopo likasema kuna uhusiano unaoelekea kuwa wa kweli kati ya PFOA na maradhi sita: saratani ya figo, saratani ya korodani, maradhi ya tezi ya shingo, vidonda vya utumbo mpana, kolesteroli ya juu, na shinikizo la damu la uja uzito. Mwaka 2017 DuPont na kampuni iliyozaliwa kutokana nayo walikubali kulipa dola milioni 671. Mwishoni mwa 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaiweka PFOA katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Dunia imechukua hatua, lakini kwa mwendo wa konokono. 3M ilitangaza mwaka 2000 kuachana na PFOS. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama wake, uliibana PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Viwanda vikahamia vikono vya kaboni sita badala ya nane. Vinakaa mwilini kwa muda mfupi zaidi, hilo ni kweli, lakini katika maji husafiri upesi zaidi na navyo havivunjiki, hivyo Umoja wa Ulaya ukavipitishia sheria yake mwaka 2024. Ufaransa imepiga marufuku jamii nzima katika nguo na vipodozi kuanzia Januari 2026, lakini vikaango vikaondolewa kwenye sheria hiyo baada ya watengenezaji kupiga kelele. Nchi iliyozaa kikaango cha Teflon imeshindwa kukigusa!

Basi kazi iliyo mbele ya maabara leo ni moja: kufukuza mafuta bila florini, au kwa florini kidogo kabisa. Njia zinazojaribiwa ni tofauti sana.

Wapo walioamua kuongeza umbo. Mwaka 2007 kundi la chuo cha MIT, wakiwemo Anish Tuteja, Gareth McKinley na Robert Cohen, walionyesha kwamba vinundu vya jani la jimbi havitoshi kwa mafuta, ila ukivipa umbo la uyoga au la kichwa cha msumari, ambapo chini pamebonyea, tone la mafuta hunasa ukingoni na haliwezi kushuka. Ni fikra nzuri, lakini nao waliongeza florini juu yake, na vichwa vya uyoga vidogo kiasi hicho havipendi kusuguliwa. Kanzu husuguliwa kila siku.

Wengine wakaenda kwa mmea. Kuna mmea unaokula wadudu, wenye mtungi kama birika, na ndugu zake wanaota hata katika bahari yetu hii, Bukini na Shelisheli. Mdomo wa mtungi ule una utando wa maji unaoteleza, mdudu akikanyaga amekwenda. Mwaka 2011 Joanna Aizenberg na wenzake wa chuo kikuu cha Harvard walitengeneza uso wa namna hiyo: kitu chenye vitundu vilivyonyweshwa mafuta maalumu, na juu yake maji, damu na mafuta mengine vyote viliteleza. Inafaa kwa mipira ya hospitali na kwa chupa za rojo nzito. Ila mafuta yale maalumu ya mwanzo yalikuwa ya nini? Ya florini.

Njia inayonipa matumaini zaidi ni ya silikoni. Polima ya silikoni ina mvuto kama 21, chini kuliko nta, na minyororo yake ni laini, inacheza-cheza muda wote kama majani ya bahari. Ukiibandika upande mmoja tu, iwe kama brashi, maji huteleza vizuri. Mafuta ndiyo yanasumbua. Mwaka 2025 kundi la Kevin Golovin, chuo kikuu cha Toronto, Kanada, walitoa jibu la katikati: kwenye ncha ya kila unywele wa brashi wakatia kipande kidogo kabisa cha florini, kaboni moja tu yenye florini tatu, kama manyoya yanavyofungwa kwenye mshale. Kitambaa chao kilipojaribiwa kwa mizani ya viwandani, inayoanza na mafuta mazito daraja la 1 na kuishia mafuta mepesi kabisa daraja la 8, kilifika daraja la 6, sawa na dawa nyingi za zamani. Vipande vifupi namna hiyo havilimbikizani mwilini kama vile virefu. Bado ni florini, na wao wenyewe hawakulificha hilo. Wanachokitafuta ni kisicho na florini kabisa.

Mimi naona pia kuna suali ambalo halihitaji maabara: je, kitu hiki kina haja gani ya kufukuza mafuta? Mwavuli, mkoba wa shule wa mtoto, hema, koti la mvua la bodaboda, vyote hivi adui yake ni maji. Nta na silikoni zinatosha, na koti lisilo na florini linalinda mvua vizuri tu. Wenye haja ya kweli ni wachache, kama mavazi ya wazima moto na ya madaktari wa upasuaji. Kanzu na buibui, kwa maoni yangu, hazimo. Doa la samli hutoka kwa sabuni na maji ya moto, na kabla yetu watu walivaa kanzu nyeupe wakala pilau kwa mkono miaka na miaka.

Kuhusu kikaango nyumbani, tusitishane bila sababu. Teflon iliyokwisha tengenezwa haimeng'enywi, na kipande ukikimeza kinapita kilivyo. Hatari iko kwenye joto. Watengenezaji wenyewe husema isivuke nyuzi 260, na kikaango kitupu juu ya moto mkali huvuka hapo kwa dakika chache. Kinapozidi sana hutoa moshi unaoua ndege wa nyumbani na kumtia mtu homa kama ya mafua. Kwa hiyo usikiweke kitupu kwenye jiko la makaa, na mwenye kasuku asiweke tundu lake jikoni. Tena, chuma cha chapati cha bibi kilichokolea mafuta mpaka kikawa cheusi kinang'aa nacho kimepakwa polima: mafuta yamepikwa yakajiunga yenyewe juu ya chuma. Hakikugharimu mto wa mtu yeyote.

Kilicho kigumu hapa kwetu ni kujua. Lebo nyingi huandika "haishiki doa" na kuishia hapo, bila kusema kwa dawa gani. Mkataba tumetia saini, lakini mnunuzi wa Marikiti hana cha kusoma. Waagizaji wanaweza kuulizwa karatasi ya kiwanda inayosema kama kitambaa kina PFAS, hilo ndilo jina la jamii nzima, na mashirika ya viwango na ya mazingira yanaweza kulifanya liwe sharti. Taka zetu nyingi huchomwa wazi, na moto wa jaani haufiki popote karibu na zile nyuzi 1,000 na zaidi zinazohitajika kuzivunja kemikali hizi.

Mpaka hapo, kuna kipimo kisichohitaji shilingi. Tone la maji halikwambii kitu, maana hata nta inalifukuza. Tia tone la mafuta ya kupikia juu ya kitambaa, au juu ya karatasi ya kufungia viazi karai na bhajia, uache dakika chache. Likitandaa na kuacha alama, hakuna florini ya maana hapo. Likisimama duara kama shanga, karibu hakika umeikuta. Kwa karatasi, chunga jambo moja: ile iliyopondwa sana ikawa ngumu huzuia mafuta kupenya bila dawa yoyote, lakini juu yake tone hutandaa, halisimami.